Koti la Mheshimiwa

Mchezo wenyewe tuliutunga sote, wanafunzi kumi na wanne, kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, katika ukumbi wa kulia uliokuwa bado unanuka kabeji. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, ya wavulana na wasichana, pale Nakuru mjini. Mlezi wa klabu, mwalimu wa Kiingereza, alitutaka tusiandikiwe maneno na mtu. Kila mmoja alete jambo la kwao, alisema, tulishone pamoja.

Mimi nilileta barabara. Kwetu ni Dundori, juu huko kwenye viazi, na mwaka mmoja wakati wa mvua jirani yetu alipelekwa hospitali kwa toroli kwa sababu gari halikuweza kupita kwenye matope. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona. Niliwaeleza wenzangu hadithi hiyo siku ya kwanza. Kapteni wa klabu, mvulana wa kidato cha nne ambaye babake alifanya kazi kiwandani, akasema, "Hiyo ndiyo itakuwa mchezo wetu." Kwa hivyo ikawa hadithi ya mheshimiwa anayeahidi barabara kila uchaguzi na mama anayempoteza mtoto. Kapteni alichukua nafasi ya mheshimiwa. Mama nilipewa mimi, bila mtu kubisha, kwa kuwa maneno yake karibu yote niliyaandika mimi.

Siku tuliyosoma mbele ya mwalimu kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisimama nikasema, "Balabala hii imekula mtoto wangu."

Mwalimu akainua mkono. "Imekula nini?"

"Mtoto wangu."

"Hapana. Nini kimekula mtoto?"

"Balabala."

Wenzangu walianza kucheka kidogo kidogo. Yeye hakucheka. Alitulia kabisa, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, mara sita au saba, mpaka nikawa sijui tena ulimi wangu umekaa wapi mdomoni.

"Kwa hivyo huko Dundori mnalima viazi mpaka kwenye ulimi?" akauliza.

Hapo ukumbi mzima ukalipuka. Hata wapishi walitoa vichwa dirishani. Mwalimu alimgeukia msichana mwingine, binti wa mtaa wa kifahari aliyesema kama watangazaji wa redio, akampa karatasi yangu. Mimi akaniambia, "Wewe shangazi yako si ni fundi? Shughulika na nguo."

Sikulia. Watu husema hivyo wakati walilia, lakini mimi kweli sikulia. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikamtazama. Nilianzia viatu nikapanda juu. Alikuwa na koti la kitambaa kizito cha kodroi, la kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, alilolivaa hata jua likiwaka. Tai yake aliifunga fupi, ikaishia juu ya kitambi. Kalamu tatu nyekundu zilikaa kwenye mfuko wa kifua, na alizigusa moja moja kila alipotaka kusema jambo kubwa. Kabla ya kuketi alivuta suruali kwenye magoti, mara mbili. Nilihifadhi yote hayo kichwani kama mtu anayesomea mtihani.

Niliishi kwa shangazi, niliyemwita tata, kwenye nyumba za zamani za reli, chumba kimoja na cherehani mlangoni. Jumamosi tatu mfululizo nilizunguka soko la mitumba nikitafuta kodroi ya kahawia. Nilipata kitambaa cha kufunikia kiti, si koti, lakini rangi ilikuwa ileile. Viraka nilivikata kwenye mkoba uliochakaa. Shangazi alinisaidia kukata mabega, maana kazi ya mabega ilinishinda.

"Hii koti ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mchezo, tata."

"Na kwa nini unashona kama mtu ana njaa?"

Niliendelea kushona. Akanitazama, kisha akanionyesha namna ya kuficha uzi kwenye kola ili koti lionekane la dukani. Aliipenda kazi safi kuliko alivyopenda kuuliza maswali.

Nilimpa kapteni lile koti siku moja kabla ya siku ya wazazi, nyuma ya ukumbi, pamoja na tai fupi na kalamu tatu nyekundu. Alilishika, akaligeuza, akapiga mluzi.

"Niaje, fundi. Hii koti naijua."

"Utavaa ama hutavaa?"

"Wewe ni mbaya, walai." Alicheka, kisha akawa makini. "Nitavaa. Lakini mimi sitasema kitu chenye haiko kwa mchezo. Sitaki maneno."

Nami sikumwomba aseme chochote. Nilijua nguo inavyofanya. Mtu akivaa gauni la bibi harusi hata hatua zake hubadilika.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alikaa mbele kabisa, na mlezi wetu kando yake, ndani ya koti lake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni. Kapteni alipanda jukwaani. Halafu kidato cha nne wakaona, na kicheko kikaanzia kwao kikasambaa mpaka kwa wazazi, ambao hawakujua wanacheka nini mpaka walipoanza kunyoosheana vidole. Kapteni alisimama akingoja wanyamaze. Naamini hakupanga alichofanya baadaye. Alifika kwenye kiti cha mheshimiwa, akavuta suruali kwenye magoti mara mbili, akaketi, akagusa kalamu moja moja, akasema maneno yaliyoandikwa: "Wananchi, barabara inakuja."

Mwalimu mkuu alivua miwani akapangusa macho kwa kicheko. Nilimwangalia mlezi kupitia tundu la pazia. Alicheka pia, akapiga makofi, lakini mikono yake ilichelewa nyuma ya mikono ya wengine. Kisha, katikati ya onyesho, alivua koti lake polepole, akalikunja, akaliweka chini ya kiti. Nimekula vitu vitamu maishani, lakini sijawahi kuonja kitu kama dakika ile.

Jioni hiyohiyo video ilikuwa kwenye kila simu. Jumatatu wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wakimwita Mheshimiwa. Jumanne hakuja kwenye klabu, na Alhamisi hakuja. Wiki iliyofuata klabu ilifungwa hadi itakapotangazwa tena, na haikutangazwa.

Kapteni aliitwa ofisini. Alipotoka hakuwa kapteni tena, na barua ya kumpendekeza kwenye chuo cha maigizo, aliyoahidiwa na mlezi tangu kidato cha pili, haikuandikwa. Walimwuliza ni nani aliyetengeneza koti kwa makusudi. Alisema ni mitumba, alilinunua mwenyewe.

Nilimngoja getini.

"Ungewaambia ni mimi," nilisema.

"Ungeenda mwenyewe. Mlango haukuwa umefungwa."

Nilikuwa na siku nne nzima za kwenda, na kila siku niliogopa.

"Wewe ulipata chenye ulitaka," akasema. "Mimi nilitaka tu kuigiza." Akavuka barabara. Tangu alipomaliza shule hatukuonana tena. Nilisikia anafanya kazi kwenye hoteli moja ya madereva wa malori, Salgaa. Nimepita hapo mara nyingi nikielekea Eldoret, na sijashuka.

Ungedhani hilo lingenitosha. Halikunitosha.

Miaka saba baadaye, nikimalizia masomo yangu ya chuo kikuu Njoro, nilijiunga na mradi wa sanaa kwa shule za sekondari za eneo lile. Tulizunguka shule nne baada ya masomo, tukisaidia wanafunzi kutunga michezo kwa pamoja, na mwisho wa muhula kila mmoja wetu alitakiwa kupendekeza shule moja kati ya mbili alizosimamia iendelee na mradi mwaka mzima. Shule yangu ya pili, mlezi wa klabu yake alikuwa yeye, yule mwalimu wangu wa Kiingereza, aliyekuwa amehamia huko.

Alikuwa amekonda. Alinisalimu kwa mikono miwili. "Karibu sana, madam. Tumewangoja." Nilimtazama machoni, nikangoja anikumbuke. Hakunikumbuka hata kidogo. Mimi nilimbeba miaka yote hiyo, na yeye alikuwa amenitua siku ileile.

Laiti angekuwa bado mtu yule, mambo yangekuwa rahisi. Lakini alikaa nyuma, akawaacha watoto wazungumze walivyozungumza kwao, na mtoto akikwama alimngoja. Mchezo wao ulihusu wasichana wanaokamua ng'ombe kabla ya kwenda shule. Ulikuwa mchezo mzuri. Ulikuwa bora kuliko wa shule yangu nyingine, ambao ulikuwa na nyimbo nyingi na habari kidogo.

Nilipendekeza ile nyingine.

Kwenye fomu niliandika kwamba shule ya kwake "haina uongozi thabiti wa klabu." Niliandika hivyo nikijua ni uongo, kwa mwandiko mzuri. Nilipompelekea habari alikubali kwa kichwa, akasema, "Sawa, madam. Asante kwa muda wenu." Nilitaka aumie zaidi ya hapo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mimi ni nani, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu shuleni, lakini alikuwa tayari ameinama akikusanya viti, na sikuyasema.

Nikielekea langoni, msichana aliyeongoza mchezo wao alinikimbilia, bado amevaa sweta lenye maziwa yaliyokauka mkononi.

"Madam, tulikosea wapi? Ndio turekebishe."

"Hamkukosea."

"Sasa mbona tuliachwa?"

Nilimwambia kwamba nafasi zilikuwa chache. Alinishukuru, akarudi mbio kuwaeleza wenzake, na niliwasikia kutoka langoni wakibishana kama waendelee na mazoezi Alhamisi au wasiendelee. Yule mwalimu sijamsamehe, na sidhani nitamsamehe. Lakini ile fomu nilirudi kuiomba kwenye ofisi ya mradi asubuhi iliyofuata, niiandike upya, na karani akaniambia ilikuwa imeshapelekwa.