Mafiga ya Sikudhani

Mlioniomba niwasimulie viboko nitawasimulia, lakini mimi sikuondoka Dar es Salaam kwa ajili ya viboko. Aliyewatamani ni bwana wangu, Mdachi mmoja mwenye sauti ya upole, aliyesikia kwamba Bonde la Kilombero lina wanyama kupita Pwani yote, akataka kwenda kuwapiga picha. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Nilikubali upesi kwa sababu mama yangu, aliyeko Mahenge, alikuwa amenitumia neno kwa mdomo wa mpagazi: dada yako Sikudhani, aliyeolewa Mofu, tangu Vita vya Maji Maji hatujapata habari zake. Nenda ukatazame kama yu hai.

Kutoka Kilosa tulikwenda kwa miguu, na njia nzima Bwana alikuwa anasifu. Nami nakiri nchi ile ni nzuri. Milima imejipanga upande wa kulia, misitu yake imeshika ukungu mpaka jua kali, na maji yanateremka miambani meupe kama tui. Ila mashamba tuliyopita yalikuwa majani matupu, na palipokuwa na kijiji paliota mbarika. Bwana hakuniuliza juu ya mbarika, nami sikumwambia kwamba huota pale watu walipokuwa wakiishi.

Ifakara tulipumzika. Watu walikuwepo, lakini wamekonda, na sokoni palikuwa na samaki wakavu na mizizi ya porini tu. Hapo tukampata mpiga kasia, Mndamba aitwaye Lyanga, mtu wa makamo asiyependa maneno. Nilipomwambia natafuta dada yangu Mofu, aliangalia mto.

"Wengine walifuata mto wakahama," alisema. "Wengine njaa iliwakuta ndani, hawakuinuka tena. Mwenyewe nenda ukaangalie mafiga."

Hapo niwaeleze jambo ambalo watu wa Pwani hawalijui. Bondeni hakuna jiwe. Ni udongo mweusi mtupu, mafuriko yameulaza tangu zamani. Kwa hiyo msichana wa kwetu mlimani akiolewa huko chini, mama yake humchagulia mawe matatu ya kupikia, na ndugu zake huyabeba. La Sikudhani moja nililibeba mimi begani, jiwe lenye mshipa mwekundu katikati, na njia nzima alinicheka kwamba natembea kama bata. Watu wa bonde wakihama, hata wakiacha vyungu, mafiga hawayaachi. Ukikuta nyumba tupu na mafiga yapo, mwenye nyumba hakuhama.

Asubuhi ya Mofu mimi na Bwana tulikwenda kwa mtumbwi wa Lyanga. Mpishi wetu Mabruki, mtu wa Bagamoyo, alipita nchi kavu pamoja na wapagazi ili watupigie kambi. Viboko ndio hao sasa: walijaa kwenye kidimbwi, migongo imegusana, wanapumua kwa kishindo. Ng'ambo palikuwa na sheshe, wale swala wekundu wa bondeni, wanakula majani kimya na yangeyange wamesimama katikati yao. Bwana machozi yalimlenga kwa furaha. Alisema hajaona duniani mahali pengine ambapo mtu hajaharibu kitu. Mimi niliyatazama majani wanayokula wale sheshe, nikaona matuta. Lilikuwa shamba la mpunga.

Mchana tulifika kambini, na kabla sijanywa maji nikaenda kijijini. Niliingia nyumba moja moja. Paa zimeanguka, na ndani mafiga yapo, yapo, yapo. Katika nyumba moja nilimkuta mwenyewe, mifupa yake chini ya mkeka, nikatoka mbio. Nyumba ya shemeji ilikuwa ya mwisho kando ya njia. Niliogopa kuinama mlangoni. Nilipoinama niliona majivu ya zamani, na mahali pa mawe ni vishimo vitatu vitupu.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Nilimwona akilini dada yangu yuko mahali fulani juu ya mto, anapika, anawacheka watu wanavyotembea.

Nilirudi kambini nikamweleza Lyanga, naye akanishika mkono akaniambia afadhali. Mabruki alikuwa ameinjika sufuria la wali, akanikaribisha moto. Nikachuchumaa. Moshi ulipopisha niliona chini ya sufuria mshipa mwekundu.

Nikamuuliza ameyapata wapi mawe haya.

"Nchi gani hii haina hata jiwe la kupikia," alisema Mabruki, na hakuwa na ubaya wowote. "Nimeyaokota kwenye lile gofu la mwisho, hapo njiani. Hakuna mtu."

Simlaumu, kwao mawe ni mawe. Nilirudi kwenye nyumba ile na Lyanga, safari hii nikaingia mpaka chumba cha ndani, mahali ambapo furaha ilinizuia nisiangalie. Alikuwepo. Tulimzika kabla ya jua kuzama, Lyanga akichimba kwa kasia lake. Kutoka kambini nilisikia Bwana anamwita Mabruki aje kuona korongo wanavyotua.

Tuliporudi, Bwana alipitia Mahenge kwenye boma, nami nikapata ruhusa ya kwenda kwetu. Nilijifunza jambo moja katika safari ile, nalo ndilo ninalowapa mnaotamani kwenda: mkiona bonde limejaa wanyama na mtu anawasifia, muulizeni watu wake wamekwenda wapi.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaona mzigo begani kwangu. Alilipokea lile jiwe lenye mshipa mwekundu, akalipangusa masizi ya wali wa Bwana kwa kanga yake, akachomoa figa moja la kwake na kulitia lile mahali pake. Kisha akainjika chungu, akakaa chini, akaanza kulia.