Fundi Thoa Aliyechomewa Udi Akiwa Hai

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Nilikula chakula cha mchana kwa mtu, nikamwacha anaosha vyombo huku anacheka, na saa kumi jioni nikamkuta ukutani kwa watu wengine, mji mwingine, amewekewa maua na udi kama marehemu.

Lakini nianze na koti, maana koti ndilo lililonipeleka kwake.

Mwaka 2004 binti yangu Tumpe alinileta Marekani nikae naye pale New Hope, jimbo la Minnesota. Akaninunulia koti la mtumba, zito kweli, mikono yake ikanifunika mpaka kwenye kucha.

"Baba, kuna fundi wa Kivietnamu Saint Paul, barabara ya University," akasema. "Manesi wote wa Kikenya kazini kwetu wanampelekea nguo."

Mimi kukaa ndani siwezi. Nikapanda basi mpaka mjini, pale nikadaka lile namba kumi na sita, nikashuka mahali ambapo mabango yote yana herufi zenye nukta na vikofia juu. Muuza supu Mvietnamu, sonara Mvietnamu, daktari wa meno Mvietnamu. Nikajiuliza kama bado niko Marekani.

Fundi alikuwa mama mfupi, hajafika hamsini, ana kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto, na pini amezibana midomoni. Nesi mmoja Mkenya, Peris, alikuwa anangoja suruali yake ya kazi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, ndani ya hiyo koti mko wangapi?"

Fundi akauliza amesema nini. Peris alipomtafsiria, yule mama alicheka mpaka pini zikamwagika sakafuni, tukaziokota wote watatu. Tangu siku hiyo akaniita Mzee, na mimi nikamwita Fundi Thoa. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana.

Nikawa napita kwake kila wiki. Wakati mwingine sina hata kifungo cha kushonwa, nakaa tu kwenye kiti cha wateja. Ndivyo nilivyopata habari zake, leo kidogo, kesho kidogo. Baba yake alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo kando ya mto, huko kusini mwa Vietnamu. Mwaka 1979 walipokimbia, familia ilijigawa mashua mbili kusudi, moja ikizama angalau wengine wabaki. Yeye alipanda na shangazi. Baba, mama na mdogo wake wa kiume wakapanda ya pili. Kambini Malaysia akaambiwa ile ya pili imevunjika, hakupona mtu.

Kanisa moja la mji wa wakulima hapa Minnesota likamchukua. Miaka mitatu alifanya kazi ya kunyonyoa batamzinga kiwandani.

"Watu wazuri sana, Mzee. Walinipa blanketi, walinipa baiskeli. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua kuniuliza, wewe ni mtoto wa nani?"

Ndipo akahamia University. Akaolewa hapo, akaandikwa jina la mume, mume akafariki, yeye akabaki na cherehani. Kila Mvietnamu mgeni akiingia dukani, kabla hajampima anamwuliza: mtoto wa nani, mji gani? Miaka yote hiyo aliuliza, na hakutokea mtu wa kwao.

"Nimekaa hapa ili niulizwe," aliniambia, "na ili niulize."

Sasa nije kwa mtu wa pili. Tumpe ana rafiki yake, Hamida, anakaa Champlin, kaskazini kabisa kando ya Mississippi. Kiangazi cha 2005 tulikuwa tunakwenda huko Jumamosi. Wao wanasukana nywele, mimi natembea. Siku moja nikaona nyuma ya nyumba fulani tuta la matembele! Nilisimama kwenye uzio kama mtu aliyeona ndugu. Mwenye nyumba akatoka, mwanamume mwembamba, kichwa cheupe pee.

"Unataka nini?"

"Hayo majani. Kwetu tunakula."

Akacheka. "Wazungu wa hapa wanadhani nafuga sungura." Akanikatia fungu zima.

Huyo ni Bwana Khiem, Mvietnamu naye. Alikaa Texas miaka mingi, akaja huku kwa kazi ya kiwanda cha vyombo vya umeme. Nikamwuliza mbona hakai na wenzake kule University, kwenye supu na kila kitu. Akakata kwanza majani mengine mawili matatu.

"Kule wanauliza, wewe ni mtoto wa nani. Nikijibu, watauliza wako wapi. Mimi sitaki kuulizwa."

Niliyasikia yote mawili kwa masikio haya haya, na sikuyaweka pamoja. Naona haya mpaka leo.

Mwishoni mwa Agosti, Fundi Thoa akanialika kula kwake Jumamosi mchana. Bwana Khiem naye akanialika Jumamosi hiyo hiyo, jioni. Nikadhani ni sikukuu yao wote, kama sisi Wamoraviani tunavyokwenda makaburini alfajiri ya Pasaka. Sikuuliza.

Kwa Fundi Thoa kulikuwa na meza ndogo imepambwa. Picha ya baba na mama yake, baba ana futi ya kupimia shingoni, mama ameketi. Pembeni picha ya kijana mwenye masikio yaliyosimama. Akachoma udi, akainama, akaniambia hii ni siku ya kuwalisha waliokufa. Kisha tukala sisi. Kulikuwa na karela, ile mboga chungu yenye ngozi kama ya mamba, amejaza samaki wa kusaga na kila moja ameifunga kwa jani la kitunguu, mizunguko mitatu. Wakati wa kuondoka akanifungia kopo zima. Kwao mgeni hatoki mikono mitupu.

Tumpe akaja kunichukua na gari, moja kwa moja Champlin. Bwana Khiem akatukaribisha, nikavua viatu, nikainua macho.

Baba yule yule. Futi ile ile shingoni. Mama ameketi vile vile. Na pembeni yao msichana mwenye kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto, moshi wa udi unampanda usoni.

"Huyu," nikasema, nikimwonyesha kwa kidole. "Huyu nimekula kwake mchana."

Bwana Khiem akaigeukia picha. "Dada yangu amekufa baharini. Leo ndiyo siku waliyopanda mashua. Siku ya kufa siijui, nashika hii."

"Hajafa! Ndiye aliyenipunguzia koti!"

"Baba, tafadhali," Tumpe akaninong'oneza kwa Kiswahili, "hii ni ibada ya watu."

"Toka," Bwana Khiem akasema, polepole kabisa. "Wewe ni mzee, sikupigi. Toka."

Nilitoka na soksi mpaka kwenye gari, nikarudi na lile kopo, nikalifungua mbele yake. Akatazama karela. Akatazama bakuli lililo mbele ya picha ya dada yake. Humo mlikuwa na karela pia, zimefungwa kwa jani la kitunguu, mizunguko mitatu.

"Nani kafunga hivi?" akauliza. "Mama yangu tu ndiye aliyefunga hivi. Watu wote wanafunga mara moja."

Tumpe wangu ndipo alipozinduka. Namba ya fundi alikuwa nayo kwenye simu, akapiga, akampa. Bwana Khiem aliishika simu kama kaa la moto. Akasema maneno machache ya kwao, akasikiliza, machozi yakawa yanatiririka bila yeye kuyafuta. Baadaye nilimwuliza alisema nini pale mwanzo. Alisema: wewe ni mtoto wa nani?

Tulimfuata Fundi Thoa Saint Paul, mimi na Tumpe. Alikuwa amesimama nje ya duka, futi shingoni, ndala miguuni. Njia nzima alinishika kidole kimoja tu, akakibana mpaka kikafa ganzi.

Bwana Khiem alikuwa mlangoni. Nilitegemea kilio, nikajiandaa. Hawakulia. Fundi Thoa alimshika masikio yote mawili, akayavuta, akayatazama. Kumbe Bwana Khiem hakufa kwa sababu meli ya mizigo ilimwokota juu ya ubao, picha za nyumbani zimeshonewa ndani ya nguo yake kwenye plastiki, ikampeleka kambi nyingine, na huko nako wakamwambia mashua ya shangazi haikufika. Miaka ishirini na sita. Kutoka duka lile mpaka nyumba ile, gari halimalizi saa moja.

Kisha Fundi Thoa akaiona meza. Akaenda, akajitazama kwenye picha, akazima vijiti vya udi kwa vidole. Akachungulia bakuli.

"Karela," akasema. "Miaka yote hii unanipa karela?"

"Si ulikuwa unaipenda? Ulikuwa unamaliza zako na zangu."

"Mpumbavu wewe! Nilikuwa naichukia. Nilikuwa nakula za kwako ili mama asikuchape."

Bwana Khiem akakaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Dada yake akalitwaa bakuli, akakaa mbele yake, akaanza kula chakula cha marehemu, kimoja kimoja, sisi tumesimama tunatazama. Ilipobaki karela ya mwisho akalisukuma bakuli kwa mdogo wake.

"Hii ya kwako. Leo utaila mwenyewe."

Akaila. Alikunja uso kama mtoto, akameza.