Binti wa Shangazi na Mpiga Kinubi Wake

Binti wa shangazi yangu aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kijijini kwetu Bura, nami nikaimba ya pili kando yake kwa miaka minane. Sikumwona mtu aliyeipenda sauti yake kuliko yeye mwenyewe. Akifika juu kabisa hufumba macho akabaki huko huko, sisi tumeshamaliza ubeti, mwalimu wa kwaya anangoja ashuke.

Alishinda mashindano ya shule, akaenda Nairobi kusomea muziki, halafu ng'ambo. Aliporudi alikuwa na mume, mpiga kinubi kutoka bara, mtu mrefu asiyesema sana. Na Kidawida, lugha ya kwetu, alikuwa amekipoteza huko njiani. Mamake akimsalimu, anajibu kwa Kiingereza, kisha anamtafsiria, utadhani mgeni ni mama.

Walijiita wasanii wa kimataifa. Nilijaribu kuchunguza hiyo kimataifa iko wapi. Nikapata karamu za mabalozi Nairobi, harusi za wenye nazo, na safari moja ya kwenda kuimba Moshi. Akina mama wa Mboghoni huvuka mpaka kwenda huko huko na ndizi zao kila siku ya soko, na sijasikia hata mmoja akijiita wa kimataifa.

Mwaka juzi shangazi aliomba jambo moja tu: binti yake aimbe nyumbani, watu wamsikie. Akakubali, lakini si Bura, kwa sababu barabara ya mlimani ingekiumiza kinubi. Iwe Voi. Mimi nafundisha Voi, basi kazi ya kutafuta ukumbi ikaniangukia.

Masharti yalikuja kwa simu. Watoto wasiingie. Watu wasipige makofi mpaka yeye ainamishe kichwa. Vigelegele marufuku. Siku yenyewe, alasiri ya Februari, akaongeza lingine: feni zizimwe, zinaharibu sauti. Nilimkumbusha kwamba hapa ni Voi. Akaniambia kipaji nilikuwa nacho tangu zamani, nilichokosa ni nidhamu.

Nikazizima.

Ukumbi ulijaa. Wazee walishuka kutoka Bura na suti zao, wakaja wanakwaya wenzetu wa zamani, wakaja hata wenye maduka. Wengi walifuata kinubi. Wamekisoma kwenye Biblia tangu utotoni na hawajawahi kukiona. Yule mume akaketi, akakiegemeza begani, akapiga peke yake kwa muda mfupi. Hapo sina la kusema. Watu walitulia kama wanaosikiliza mvua baada ya kiangazi.

Kisha akaingia mwimbaji mwenyewe, na gauni la mahameli linaloburuzika sakafuni. Kabla ya kila wimbo alitueleza kwa Kiingereza kwamba hatungeuelewa. Akaimba Kiitaliano, akaimba Kijerumani, macho ameyafumba kama zamani. Jasho lilitutiririka. Uzi mmoja wa kinubi ukakatika kwa joto, ukalia kama pigo la kiboko. Alipopumua katikati ya wimbo wa tano, mzee mmoja alidhani umekwisha, akapiga makofi kwa adabu, na wengine wakamfuata.

Akaukatiza wimbo. Akangoja mpaka makofi yaishe, ndipo akasema Kiswahili kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ndiyo maana sipendi kuimba huku. Hamjui kusikiliza."

Shangazi alikuwa kiti cha mbele. Aliinuka taratibu, akajifunga leso yake vizuri.

"Sisi tumekusikiliza tangu siku uliyozaliwa," akamwambia kwa Kidawida, akatoka. Watu wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele, kama wanaotoka misa.

Mpiga kinubi alibaki kunisaidia kupanga viti. Aliniambia kwamba Nairobi mkewe haogopi mtu, lakini kwa ajili ya Voi hakupata usingizi siku tatu. Nikamjibu kwamba hayo awaeleze wale wazee. Akaendelea na viti.

Karamu za Nairobi zikapungua. Sasa wako kwenye hoteli moja ya mbugani, si mbali na Voi, wanawapigia watalii muziki wakati wa chakula cha mchana. Nilienda huko na walimu wenzangu kwa semina, nikawaona kando ya meza ya saladi. Alikuwa katikati ya wimbo ndovu walipokuja kunywa maji. Watalii wote wakainuka na kamera zao, akabaki kuziimbia sahani. Sitajifanya mwema: nilifurahi, nikaongeza wali.

Baadaye alikuja mezani kwetu, akaniuliza nimeonaje.

"Kinubi kimepigwa vizuri sana," nikasema.

Alinitazama kidogo. Akasema mumewe atafurahi kusikia hivyo, akarudi kazini.

Jumamosi nilipanda Bura, nikamwambia shangazi kwamba nimemwona bintiye. Hakuuliza habari za wimbo wala za kinubi. Aliuliza kama amekonda. Nikamwambia hajakonda hata kidogo, na ukweli ni kwamba sikuwa nimemtazama vizuri.