Mashoga wa Texas

Mwaka 2013 Hadijah wa Kisauni alikuwa na kazi ambayo Wakenya wenzake wa Al Rayyan, huko Uarabuni, waliiona ya raha: kupiga picha karatasi kuukuu katika maktaba ya chuo kimoja, kisha kuandika kwenye kompyuta maelezo ya kila moja. Chini ya maelezo yaliwekwa majina mawili, lake na la Reuben, Mkisii aliyeikagua kazi yake.

Wiki hiyo walifungua sanduku lililoazimwa kutoka Texas, la familia za Wameksiko wa huko. Juu kabisa palikuwa na picha ya wanawake wawili, Virginia mshona nguo na Consuelo, wameegemeana kwenye ngazi za nyumba.

"Tazama mashoga hawa walivyopendeza," Hadijah akasema.

Kwao pwani shoga ni rafiki wa mwanamke; ndivyo mama yake anavyomwita jirani. Reuben wa bara alisikia neno jingine. Aliiachia picha, akajipaka dawa ya mikono hadi viwikoni, akasema hakutarajia binti wa Kiislamu atamke uchafu huo bila haya. Hadijah akamweleza maana yake. Wakacheka, yakaisha.

Ila chini ya picha palikuwa na barua kadhaa. Virginia alimwandikia Consuelo kwamba mto wa kitandani bado unanukia shingo ya mwenzake, na hataki kuufua. Uso ulimwaka Hadijah. Jambo hilo hilo amelifikiria yeye, juu ya Cheryl, msichana wa Al Wakrah anayempenda kwa siri, na hakuwahi kuliona limeandikwa popote.

Reuben alizichukua. Alizisoma zote, akilamba kidole kila alipofunua, sehemu nyingine akizirudia kwa sauti, taratibu. Alipomaliza ndipo akasema zinamtia kinyaa. Hadijah aliyatazama mate yaliyobaki kwenye pembe za karatasi.

"Andika marafiki," Reuben akamwambia. "Jina langu liko hapo."

"Basi litoe."

"Dadangu, unajua tuko nchi gani? Visa yako je?"

Alijua. Hata hivyo aliandika: barua za mapenzi, Virginia kwa Consuelo. Reuben akaegemea mbele, akalifuta jina lake upesi.

Hadijah akachukua kitambaa kikavu, akayapangusa yale mate ukurasa kwa ukurasa. Kisha akazituma nakala Texas zikiwa na jina lake peke yake.