Vichwa Vyote Vielekee Ziwani

Jumanne ya kwanza ya Juni, mwaka jana, niliketi kando ya msanii wa mabango mjini Mbinga, nikatazama kwenye kompyuta yake bango la filamu fupi iliyopigwa nyumbani kwetu Lundo, kijiji cha kando ya ziwa. Filamu hiyo inamhusu mjukuu wangu wa kike, ambaye ana usonji. Katika bango alikuwa peke yake gizani, machozi yamechorwa shavuni.

"Machozi haya ni ya nani?" nilimuuliza.

"Ni ya kuvuta watu, bibi. Wakimhurumia watakuja."

"Hakulia siku ya kupiga filamu. Yafute."

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mitatu, tayari mjane, nikikaa dawati moja na watoto wa rika la mwanangu. Walionihurumia hawakunisaidia hata swali moja la hesabu. Sikutaka kijiji kimhurumie mtoto wetu kabla hakijamwona.

Nikachagua picha iliyopigwa kutoka juu ya ngazi: chanja chetu cha matete, na usipa umeanikwa. Sisi wengine humwaga samaki hao wadogo na kuwatandaza kwa viganja, basi. Mjukuu wangu huwapanga mmoja mmoja, mstari kwa mstari, vichwa vyote vikielekea ziwani. Pembeni ya picha, mkono wake ulikuwa ukimweka wa mwisho.

"Bibi, hii ni samaki tu!"

"Na mkono. Andika: 'Njoo uone anavyopanga.' Chini yake, filamu kuhusu usonji, ukumbi wa kanisa, Jumamosi."

"Sasa unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha mjukuu wangu."

Jumamosi ile nilisimama mlangoni pa ukumbi, nikiogopa viti vitupu. Wa kwanza kufika walikuwa akina mama watatu, wachuuzi wa samaki kutoka Kitura, kila mmoja na ndoo yake.

"Shikamoo, mama. Usipa uko wapi?"

"Marahaba. Usipa gani?"

"Ule wa kwenye tangazo, uliopangwa! Huku kwingine tunauziwa vipande vitupu."

Nyuma yao zilikuja ndoo nyingine, na magunia.

"Upo nyumbani," nilijibu bila kupepesa macho. "Mtauziwa baada ya filamu."

Ukumbi ukajaa, ndoo mapajani. Mjukuu wangu alipotokea ukutani akipanga, mchuuzi mmoja akapaza sauti: "Kumbe ni huyu! Ndiyo maana hauvunjiki!" Watu wakapiga makofi; mjukuu wangu mwenyewe, kando yangu, akaziba masikio, kisha akacheka.

Tulipofika nyumbani, mchuuzi yule alizamisha viganja vyote viwili chanjani. Mjukuu wangu akaviondoa taratibu, akaivuta ndoo, akaanza kupanga samaki ndani yake, mmoja baada ya mwingine.

"Haya, bosi wangu," mama yule akasema, akichuchumaa karibu naye. "Panga. Nasubiri."

Gari la kurudi Kitura lilipiga honi mara mbili. Mchuuzi hakugeuka.