Siku Kumi na Saba za Machi

Barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ilimfikia Zuhura Mwinshehe mwezi wa saba, akiwa darasani Kinole, anafundisha jiografia kidato cha pili. Aliisoma kwenye simu, akairudisha simu mfukoni, akaendelea na somo la mito mpaka kengele ilipolia. Walimu wenzake walikuja kujua siku ya tatu, na hata hapo ni kwa sababu ilibidi aombe ruhusa ya kuacha kazi. Ndivyo alivyokuwa. Jambo zuri likimjia, alilishika kimya kimya, kama anaogopa kuliamsha.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Shahada ya kwanza aliipata kwa kuchelewa, na kabla ya kufundisha alifanya kazi miaka mitano kwenye mradi mmoja wa maji uliokuja huko milimani, ukakaa, ukaondoka. Kazi yake ilikuwa kupima chemchemi. Zilikuwa sita, zimetawanyika juu ya kijiji, na kila asubuhi alizizungukia akiwa na ndoo ya lita kumi. Anakinga maji, anahesabu sekunde kwenye simu mpaka ndoo ijae, anaandika kwenye daftari, anapanda kwenda nyingine. Mzunguko wote ulichukua saa tatu wakati wa kiangazi. Masika, njia inapoteleza kama sabuni, ulichukua asubuhi nzima.

Katika mizunguko hiyo aliona jambo ambalo hakutumwa kuliona. Chemchemi tatu zilikuwa zimejengewa na mradi saruji, bomba na koki. Tatu ziliachwa kama zilivyokuwa, mikononi mwa wanawake wa koo zenye maeneo yale, ambao kila mwaka kabla ya mvua hupanda kwenda kuzoa majani, kukata mizizi inayoziba jicho la maji na kuangalia kingo. Mwaka wa tatu, zile za saruji zikaanza kupungua. Watu walikuwa na koki chini, hawakuona tena sababu ya kupanda juu. Usafi waliwaachia mafundi, na mafundi walishaondoka. Hizi nyingine ziliendelea kutoa maji mpaka mwisho wa kiangazi.

Zuhura aliyaandika hayo kwenye ripoti yake ya Disemba, kurasa kumi na nne, akampelekea kiongozi wa mradi, Dokta Laurenti Kibena, mhadhiri wa mjini. Hakujibiwa. Hakukasirika, alijua wakubwa wana mengi. Na miaka ilipopita, alipotaka kuomba nafasi ya uzamili, ni Dokta Laurenti huyo huyo aliyemwandikia barua ya kumpendekeza, tena barua ndefu, yenye maneno mazuri. Mada aliyoomba kuifanyia utafiti ilikuwa ile ile: kwa nini chemchemi zilizojengewa zinakauka kabla ya zile zilizoachwa.

Mwezi wa nane akahamia Kihonda, mjini, kwa mdogo wake Luqmani, fundi wa kuchomelea mageti, aliyemwachia chumba cha mbele. Muhula ungeanza mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mratibu wa masomo, Dokta Filomena, alikuwa ametuma barua pepe kwa wanafunzi wapya: walete nakala za vyeti zilizothibitishwa, wapime afya, wajikumbushe takwimu, na kila mmoja asome makala zisizopungua ishirini za eneo lake kabla hajaripoti. Zuhura aliitii barua ile kama sheria. Asubuhi alijifunza takwimu, mchana alisoma makala, jioni aliandika muhtasari. Kiingereza cha makala kilimtoa jasho. Kuna sentensi alizirudia mara nne, anaitafuta nukta.

Makala ya tisa ilihusu chemchemi za Uluguru. Ilichapishwa mwaka uliotangulia kwenye jarida la nje, na mwandishi wa kwanza alikuwa Dokta Laurenti Kibena. Alifurahi kuiona. Alianza kuisoma kwa fahari, kama mtu anayeona picha ya kijiji chake gazetini.

Ukurasa wa nne kulikuwa na chati ya chemchemi sita kwa miaka mitano. Hakuhitaji kusoma maelezo ya chini yake. Aliijua mistari ile inavyopanda na kushuka kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Chini kidogo akakuta hoja ya saruji na koki, na wanawake walioacha kupanda juu. Kurasa zake kumi na nne, zimevalishwa Kiingereza kizuri. "Tuliona," makala ilisema. "Tulibaini." Alitafuta jina lake mwanzo, akalitafuta kwenye shukrani. Waliandikwa "wakusanyaji data wa eneo husika na wanajamii," basi.

Bado akajiambia huenda ni vipimo vya mtu mwingine. Akarudi kwenye chati. Katika mwaka wa tatu mistari yote sita ilikatika, ikaacha uwazi mwembamba, halafu ikaendelea. Chini yake palikuwa na maelezo kwa herufi ndogo: kuanzia tarehe tatu hadi kumi na tisa Machi hakuna vipimo, kutokana na hitilafu ya kifaa.

Kifaa chenyewe kilikuwa ndoo.

Tarehe tatu Machi ya mwaka ule mama yake Zuhura aliugua ghafla asubuhi, akafariki kabla hawajamfikisha barabarani. Siku kumi na saba Zuhura hakupanda mlimani. Kwenye daftari aliandika kwa mkono wake, "Nimefiwa na mama," akapiga mstari. Kuna mtu aliyasoma maneno yale, akaona hayafai kuonekana, akaweka hitilafu ya kifaa mahali pake.

Luqmani aliporudi kazini alimkuta dada yake ameketi sakafuni, kompyuta iko kitandani. Alipoelezwa, aliinama akaitazama ile chati.

"Kwa hiyo mama ndiye hitilafu," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Utafanya nini?"

"Nitamuuliza."

Dokta Laurenti alimpokea vizuri ofisini kwake chuoni, na hilo lilimsumbua Zuhura baadaye. Aliinuka kwenye kiti, akampa pole ya safari, akaagiza chai. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Zuhura aliiweka makala mezani, akaonyesha ukurasa wa nne.

"Nimeisoma, Daktari. Hivi ni vipimo vyangu."

"Ni vipimo vya mradi," alijibu bila haraka. "Ulikuwa mwajiriwa wa mradi, Zuhura. Ulisaini."

"Vipimo sawa. Lakini hii hoja ya koki na usafi niliiandika mimi. Ile ripoti ya Disemba."

"Na ripoti pia ni ya mradi. Ndivyo kazi hizi zinavyokwenda. Wewe ni mgeni bado, utazoea. Hata mimi nilipokuwa kijana nilifanyia kazi wakubwa, jina langu halikutokea popote."

"Umeandika 'tuliona', Daktari. Kule juu ulifika mara mbili."

Hapo Daktari akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Nilikuandikia barua," alisema. "Unadhani ulichukuliwa kwa sababu gani? Umri ule, shahada ile? Niliandika kwa moyo mmoja. Usije ukaanza masomo kwa kugombana na watu."

"Na Machi?"

"Machi ipi?"

Zuhura alimwonyesha maandishi madogo. Daktari alivaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa. Hakukumbuka. Alisema pengine ni yule msaidizi aliyeingiza takwimu kwenye kompyuta. Majarida ya nje hayataki habari za misiba. Zuhura aliona kwamba hapo hasemi uongo. Kweli hakukumbuka. Alitoka bila kunywa chai.

Kesho yake alikwenda kwa mratibu. Dokta Filomena alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, na kabla Zuhura hajafungua mdomo alisema, "Afadhali umekuja, nilikuwa nakutafuta. Kamati imekaa juu ya mada zenu. Yako imekwama."

"Imekwama vipi?"

"Wanasema swali limeshajibiwa. Kuna makala imetoka mwaka jana, imemaliza kila kitu. Hakuna jipya la kutafiti pale. Itabidi ubadilishe."

Zuhura alicheka, na mwenzake akashangaa. Kisha akaeleza yote tangu mwanzo, ndoo, ripoti, barua, siku kumi na saba. Dokta Filomena aliacha kalamu. Aliuliza madaftari yako wapi. Yalikabidhiwa kwa mradi siku ya mwisho, kwa saini. Nakala ya ripoti? Ilikuwa kwenye kompyuta ya mradi. Barua pepe aliyoitumia? Anwani ilikuwa ya mradi, ilifungwa.

"Mimi nakuamini," alisema Dokta Filomena, na alionekana kweli anaamini. "Unaweza kulalamika. Kuna utaratibu. Itaundwa kamati, itachukua mwaka au zaidi, na nafasi yako ya ufadhili ni ya mwaka huu tu. Na nisikufiche, yeye yumo kwenye bodi inayopitisha tasnifu zenu. Kuna mada ya ufuta kule Kisaki, haina mtu. Fikiria mpaka Jumatatu."

Jumamosi Zuhura alipanda Kinole, kwa Bi Raya. Huyu alikuwa bibi wa ukoo wenye chemchemi ya juu kabisa, ndiye aliyemfundisha jicho la maji husafishwa vipi, na ndiye aliyemwosha mama yake siku ya msiba. Miaka ile, kila alipoulizwa habari za maji ya zamani, Bi Raya alijibu kwanza kwa swali: jina langu litaandikwa? Zuhura alikuwa akimjibu litaandikwa.

Alimkuta anaanika maharage barazani. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na Zuhura akamweleza kwamba kitabu kimeshatoka, kimeandikwa na yule Daktari.

"Jina langu limo?"

"Halimo, bibi."

"Na lako?"

"Langu pia halimo."

Bi Raya alitandaza maharage kwa kiganja. "Na zile siku ulizokuwa matanga?"

"Wameandika chombo kiliharibika."

Bibi aliokota jiwe dogo kati ya maharage, akalitupa. Zuhura alitaka agombe, alie, atukane, kisha yeye apate kitu cha kujibu. Badala yake Bi Raya alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi usituletee tena watu. Wewe njoo, kwenu ni hapa. Lakini mwenye daftari asije." Kisha akamuuliza kama atakula.

Alikula. Alishuka jioni, na Jumatatu akaenda chuoni kujaza fomu. Mahali pa mada aliandika kilimo cha ufuta, Kisaki, mji ambao hakuwahi kufika na zao ambalo hakuwahi kulilima. Luqmani alikuwa amemshauri alalamike, potelea mbali nafasi. Alimjibu kwamba akiikosa hii, hatapata nyingine, na kwamba Dokta Laurenti hatapungukiwa na kitu. Yote mawili yalikuwa kweli. Ila usiku alijua kuna sababu ya tatu, nayo ni woga, na hiyo hakumwambia mtu.

Muhula ulipoanza alikuwa amesoma makala thelathini na moja za ufuta. Wiki ya kwanza, akitoka kwenye somo la takwimu, alimkuta Dokta Laurenti mlangoni anaongea na wageni. Daktari alimwita kwa jina, akawaambia wale wageni kwamba huyu ni mmoja wa vijana wake, anatoka milimani, mchapakazi sana. Wote wakageuka kumtazama. Zuhura alikuwa na maneno, tena alikuwa ameyapanga tangu mwezi wa nane.

"Shikamoo, Daktari," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Akawapisha, akaenda zake.