Spika Zilizoegemea Kushoto

Jengo zima lilimwita Sikio, naye aliitikia kwa fahari, kama mtu aliyeteuliwa na serikali. Hakuna mpangaji aliyethubutu kununua redio, runinga au spika bila kwenda naye dukani. Akifika huko huinama, hufumba macho, hunyamaza mpaka muuzaji anaanza kutubu dhambi asizozitenda, kisha hutoa hukumu: "Hii ina mafua." Au: "Hii inaongea kama aliyemeza kitambaa." Watu walimwamini kuliko walivyomwamini daktari, kwa sababu daktari huuliza maswali, na Sikio hakuwahi kumuuliza mtu kitu.

Mkate wake aliupata kwenye duka la kuchapa na kudurufu nyaraka. Alikaa kiti cha dirishani, kiti kilichogombewa na wote kwa ajili ya upepo. Nje ya dirisha lile, mkono wake wa kushoto, ilifungwa jenereta ya duka. Umeme wa mtaa ule ulikatika kana kwamba unalipwa posho ya kukatika, kwa hiyo jenereta ilinguruma asubuhi, ikanguruma mchana, na mashine za kudurufu zikaitikia amina. Mchapaji aliyemtangulia kwenye kiti hicho alistaafu akiwa katika hali ya kwamba ukimwambia "Habari za asubuhi?" anakujibu "Niliiacha kabatini." Siku ya kumuaga walimcheka mpaka machozi. Hata keki haijaisha, Sikio akawa ameshahamishia vitu vyake vyote dirishani. Hakuna aliyejiuliza lolote, yeye akiwa wa kwanza kutojiuliza.

Basi ofisi moja ya jirani ikatupa kompyuta zake kuukuu, na Sikio akajipatia moja iliyokuwa bado inapumua. Ndani yake akaweka wimbo mmoja, aliouthamini kuliko nyimbo zote zilizowahi kupigwa na watu wenye vipaji.

Ulipigwa na kikundi cha vijana wa zamani, kaka yake mkubwa akiwa kwenye gitaa. Walirekodi katika stoo ya magodoro ili sauti zisirudirudi. Fundi wa kurekodi alikuwa na mashine mpya na hamu ya kuringa nayo, akaligawa kundi kama mirathi: gitaa lote spika ya kushoto, mwimbaji na ngoma spika ya kulia. Sikio mwenyewe yumo, huko kulia, anagonga chupa kwa kijiko. Kila pigo anachelewa. Kaka mtu alifariki kabla kikundi hakijapata hata jina, na hakuacha kanda nyingine wala sauti nyingine. Gitaa lile la kushoto ndilo lililobaki la kaka yake duniani, ukiacha picha moja ya kitambulisho ambayo amenuna kama aliyeibiwa viatu.

Shida ni kwamba spika ya ndani ya ile kompyuta ilisikika kama nzi kwenye kopo. Mkewe akakubali zinunuliwe nyingine, kwa masharti.

"Nimesema spika, baba. Sijasema uwanja wa mpira. Ukirudi na lidude la kutikisa vyombo vyangu, utalala nalo wewe."

Muuzaji wa vifaa vya umeme aliitwa Bei Poa, ingawa bei zake hazikuwahi kupoa. Alimpokea Sikio kwa uchangamfu wa mtu anayeona mkaguzi mlangoni.

"Mkubwa! Chukua hii sabufa yenye spika mbili. Soma sanduku, soma mwenyewe hizo wati!"

"Wati hizo zingekuwa za kweli, duka lako lingekuwa limeshaanguka."

"Basi hizi ndefu. Tazama, kila moja ina spika kubwa chini na ndogo juu."

Sikio akagusa ile ndogo ya juu kwa ukucha. "Hii ndogo ni kifuniko cha plastiki kimepakwa rangi ya fedha. Haina hata waya."

"Ni urembo, mkubwa. Hata wewe umevaa tai."

Mwishowe akachagua jozi ndogo ya spika za boksi la mbao, zisizo na taa wala majigambo. Uchaguzi ulikuwa sahihi kabisa, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndiyo hukumu ya mwisho sahihi aliyoitoa. Bei Poa akaziunganisha, Sikio akacheza wimbo wake, akafumba macho. Mwimbaji akaja mzima. Chupa ikaja, imechelewa. Gitaa likaja kwa mbali, kama linapigwa nyumba ya pili na mtu aliyefunga mlango.

"Ya kushoto imechoka," akasema.

Bei Poa akatoa jozi nyingine. Nayo imechoka. Akafungua sanduku ambalo bado lilikuwa na gundi. Nayo vilevile.

"Mzigo wako wote umekuja na ugonjwa."

Bei Poa alilisikia gitaa lile safi kama kengele, lakini yeye ni nani mbele ya Sikio? Akainamisha kichwa, akaahidi kumlaumu msambazaji.

Sikio akachukua jozi iliyo afadhali, baada ya siku chache akairudisha, akachukua nyingine. Kila jozi mpya, kaka yake alikuwa amesogea nyuma kidogo, kama mtu anayeondoka msibani kwa adabu ili asionekane. Kulia, chupa iligonga vilevile. Siku moja ilimjia baridi ya ghafla: akaona huko mbele kitabaki hicho tu, yeye na chupa yake, wakichelewa milele. Akaifukuza fikra hiyo kwa kumtukana msambazaji.

Wakati huohuo aliendelea kuwatibu majirani. Nao, ajabu, walikuwa na ugonjwa uleule! Fundi cherehani wa chini, mwalimu wa ghorofa ya pili, mjane wa mkabala: kila aliyemwita Sikio aliambiwa spika yake ya kushoto ni dhaifu, na Sikio kwa huruma akaingia kwenye mipangilio akavuta sauti yote upande huo. Watu wakaanza kusikia nyimbo zikipiga kelele kushoto na kunong'ona kulia. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja aliona aibu kwamba masikio yake mwenyewe hayajasoma. Mwalimu alihamisha kochi. Mjane alianza kukaa kimshazari.

Mkewe, anayelala upande wa kushoto wa kitanda, alikuwa na kesi nyingine. Maneno aliyomnong'oneza mumewe kitandani hayakujibiwa tena. Akadhani ananyamaziwa, naye akalipiza kwa kununa. Wakanuniana miezi, mmoja akiwa na sababu na mwingine akiwa hana habari.

Jumapili moja akaja shemeji, dada wa mke, msusi mwenye mdomo usio na breki. Alipanda ngazi polepole, akisikiliza milango, na alipoingia hakusalimu.

"Hili jengo lina nini? Kila mlango ninaopita, muziki wote umekimbilia upande mmoja kama abiria wa kivuko kinachozama!"

"Spika za siku hizi, shemeji," akasema Sikio. "Kushoto zinaletwa mbovu."

"Za watu wote?"

"Za watu wote."

"Na nani aliyewaambia?"

Mkewe akakohoa. Sikio akajishika tai, ingawa ilikuwa Jumapili na hakuwa ameivaa.

Shemeji akamzunguka taratibu, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto, akasema jambo kwa sauti ya kawaida. Sikio aliendelea kutazama kompyuta. Mkewe, aliyeyasikia maneno yale, akaweka mkono mdomoni. Kununa kote kukamtoka mara moja, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Mimi mteja nikimsemesha upande mmoja asijibu, siwezi kumgombeza," shemeji akasema, safari hii akiwa mbele yake. "Namgeuza na kiti chake. Cheza huo wimbo wako, shemeji. Haya, geuka. Zipe spika mgongo."

"Mtu hasikilizi muziki kwa kisogo."

"Leo utasikiliza. Geuka."

Akageuka ili yaishe. Wimbo ukaanza, na kaka yake akaingia chumbani.

Aliingia upande wa kulia, karibu, mzima, kucha zikikwaruza nyuzi, na ule mguno mdogo aliokuwa akiutoa kabla ya kupanda juu. Sikio alikuwa ameusahau mguno ule. Na kule kushoto mwimbaji alikuwa ananong'ona, ngoma zimezikwa, chupa haipo kabisa. Spika zilikuwa nzima. Zote zilikuwa nzima, tangu ile jozi ya kwanza.

Hakuna aliyecheka, hata shemeji, na hilo ndilo lililomtisha.

Daktari, safari hii, ndiye aliyetoa hukumu. Sikio la kushoto limekwisha, halirudi. La kulia limeanza safari hiyohiyo. Akae mbali na jenereta.

"Na muziki?"

"Chini. Ukiweza kuzungumza juu yake bila kupaza sauti, sawa. Zaidi ya hapo unakula akiba."

Kazini akaomba kuhama dirishani, akawaeleza wenzake sababu, tena kwa kirefu. Walimwonea huruma sana. Kisha binti wa mapokezi na mtu wa mashine ya kujalidi wakatazamana, na kabla hajamaliza kukusanya kalamu zake, binti alikuwa ameshakaa, nywele zinapepea.

"Nimekwambia kiti hicho kinaua masikio!"

"Nimesikia, mzee," binti akasema kwa upole. "Ila hapa kuna upepo."

Nyumbani alizunguka mlango kwa mlango kurudisha sauti za watu katikati. Mwalimu alimsikiliza kidogo, akamshukuru, akaivuta tena kushoto. Sasa katikati aliiona ina kasoro.

Tangu hapo Sikio huketi alasiri, spika nyuma yake, sauti chini kama alivyoagizwa. Kaka yake hupiga taratibu. Lakini wiki hii gitaa limepata mluzi, mwembamba, usio na pumzi. Akainuka kwa furaha, kwa maana huo ulikuwa ubovu halisi, wa spika, wa msambazaji, wa mtu mwingine yeyote. Akachomoa waya kwenye umeme.

Mluzi ukaendelea.

Alisimama na waya mkononi mpaka mkono ukachoka. Kisha akauchomeka, akaketi, akautafuta mguno wa kaka yake chini ya ule mluzi, akaukosa. Akanyoosha mkono nyuma, akazungusha kitufe kidogo. Ukapatikana.

"Umeongeza?" mkewe akauliza kutoka jikoni. Aliuliza kwa sauti kubwa, tena akiwa upande wa kulia.

"Hapana," akasema Sikio, na akazungusha tena, kidogo tu.